Taa za LED kwenye vituo vya tozo: kipimo kianzie nje ya kizuizi

Karani wa tozo wa zamu ya usiku anafanya kazi kwa macho zaidi ya mikono. Anapokea noti kutoka dirisha la lori, anaielekeza kwenye taa, anaangalia rangi na alama yake, anarudisha chenji, na tayari mkono mwingine umeshanyooshwa. Chini ya taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa zilizotawala barabara kuu kwa miongo mingi, kazi hiyo ni nusu ya kubahatisha. Kwenye kipimo cha uhalisia wa rangi, ambacho mwanga wa jua hupewa 100, taa hizo hupata kati ya 20 na 25 tu. Gari jekundu na la kahawia hayatofautiani. Polisi akija asubuhi kuomba picha za kamera, anaonyeshwa gari lenye rangi ambayo hakuna anayeweza kuitaja.

LED za barabarani hupata 70 na kuendelea. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kuliko hata ya bili ya umeme ambayo wauzaji hutanguliza. Si kwamba hoja ya bili ni ya uongo, ila hutiwa chumvi. Taa ya sodiamu yenyewe hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 au zaidi kwa kila wati. Hasara yake iko kwenye mwelekeo: balbu humwaga mwanga kila upande, kisha kioo cha nyuma yake hukusanya kinachowezekana. LED huelekezwa chini, kwenye njia ya magari, tangu kiwandani. Tena huwaka papo hapo. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, balbu ya sodiamu lazima ipoe kwanza ndipo iwake upya, na hilo huchukua dakika kadhaa. Pale ambapo malori yamepanga foleni na fedha ziko mezani, dakika hizo si chache.

Kinachonitia wasiwasi ni pupa ya kuweka mwanga mkali na mweupe kadiri inavyowezekana. LED nyeupe kwa asili ni diodi ya buluu, yaani kipande kidogo kinachotoa mwanga umeme ukipita, kilichofunikwa fosfora ya njano, unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Diodi hiyo ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Fosfora ikipunguzwa, lumeni kwa wati huongezeka kidogo, na buluu huongezeka pia. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za nje zisizidi Kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, weupe na buluu huzidi), kwa sababu ya mng'ao unaosumbua macho ya madereva na athari kwa usingizi. Bado kuna vituo vinavyofunga taa za Kelvini 5000 na zaidi, na karani anakaa chini yake usiku mzima.

Dereva naye anaumia zaidi anapoondoka. Jicho huzoea mwanga upesi sana, lakini kuzoea giza huchukua dakika nyingi. Dereva amesimama chini ya paa linalong'aa kama mchana, amelipa, kizuizi kimeinuka, anakanyaga mafuta. Akifika kilomita 80 kwa saa anapita mita 22 kila sekunde, na macho yake bado yako kituoni. Mtembea kwa miguu, lori lililoharibika bila taa, mahali njia nane zinapobanwa kuwa mbili: vyote viko mbele yake hapo. Kwa dereva mzee hali ni mbaya zaidi, maana lenzi ya jicho hupitisha mwanga mchache kadiri umri unavyosogea.

LED inaweza kuliondoa tatizo hilo kuliko taa yoyote iliyoitangulia, kwa sababu mwanga wake hupunguzwa kwa urahisi. Nguzo za njia ya kutokea zipangwe zikififia hatua kwa hatua, na paa lenyewe lipunguzwe saa za usiku wa manane. Lakini upunguzaji wa bei rahisi huzima na kuwasha taa mara nyingi kwa sekunde; jicho halioni, kamera huona, na picha hutoka na mistari juu ya namba za gari.

Kuhusu uimara, saa 50,000 zinazoandikwa kwenye boksi ni zaidi ya miaka 11 kwa taa inayowaka saa 12 kila usiku. Hesabu hiyo ni ya diodi. Kifaa kinachoilisha umeme mara nyingi hufa mapema, kwa joto, kwa radi, au kwa vumbi na masizi ya dizeli yaliyoziba mapezi ya kupoozea. Kama taa imefungwa kiwandani isifunguke, fundi hatakuwa na la kufanya ila kuitupa nzima, na njia itafungwa wakati anapandisha mpya. Balbu ya sodiamu hubadilishwa peke yake.

Wapo wanaouliza kwa nini tugharamie vituo wakati barabara ya 407 ya Toronto, Kanada, imetoza bila vibanda tangu 1997. Swali ni la haki. Mahali ambapo fedha bado hupokelewa mkononi, ningenunua LED leo, za Kelvini 3000, zenye kifaa cha umeme kinachobadilishika, na zinazofunguliwa kwa boliti ili siku vibanda vikivunjwa zihamie kwenye makutano. Na kabla ya kusaini mapokezi ningepita kituoni usiku mara mbili, kwa gari dogo kisha kwa lori, nikiangalia kama mita 200 baada ya kizuizi bado naona ukingo wa barabara.