Pointi za madaktari na asilimia 6 inayosomwa vibaya

Madaktari wanaotaka pointi za mafunzo endelevu ziondolewe kwenye masharti ya kuhuisha leseni wana namba wanayoipenda: 6. Mwaka 2009 uhakiki wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, ulikusanya majaribio 81 yaliyohusisha wahudumu wa afya zaidi ya 11,000, ukauliza kama mtu akihudhuria kikao cha mafunzo hubadilika akirudi kazini. Ikaonekana kwamba utoaji wa huduma inayotakiwa hupanda kwa asilimia 6 hivi. Kwa matokeo ya mgonjwa mwenyewe, kama vile shinikizo la damu kushuka, nyongeza ilikuwa asilimia 3, tena kutoka majaribio machache. Uhakiki uliporudiwa mwaka 2021, safari hii ukiwa na tafiti 215, namba haikusogea sana: 6.79. Basi, wanasema, chama cha madaktari kinawatoa watu wodini, kinawatoza ada, kinawaketisha ukumbini siku nzima, na mavuno yake ndiyo hayo.

Malalamiko hayo si ya wavivu. Mfumo ulioenea ni wa kuhesabu saa. Vyuo vya kifalme vya madaktari vya Uingereza, kwa mfano, hutoa pointi 1 kwa saa 1, na hutarajia pointi 50 kwa mwaka, 250 kwa miaka 5. Ukihesabu saa utapata saa. Karatasi ya mahudhurio husainiwa asubuhi, na saa nne ukumbi umebaki nusu. Somo la mtandaoni huwa na maswali matano mwishoni, na anayekosea huruhusiwa kubahatisha tena hadi apite. Daktari aliye peke yake kwenye kituo cha mbali hulazimika kufunga huduma ili akafuate pointi, wakati mwenzake wa hospitali ya rufaa anazipata kwa kushuka ngazi tu.

Mamlaka zinapojaribu kurekebisha, mambo yanaweza kuharibika zaidi. Bodi ya madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani ya Marekani, ABIM, ilianza mwaka 1990 kutoa vyeti vinavyoisha kila baada ya miaka 10, huku waliotangulia wakibaki na vyao vya maisha. Mwaka 2014 ikaongeza masharti ya kukusanya pointi mfululizo. Madaktari wakaasi, ikaanzishwa bodi pinzani, na Februari 2015 ABIM ikaomba radhi hadharani na kusimamisha sehemu iliyomtaka daktari atathmini kazi yake mwenyewe. Hapo pana jambo la kusikitisha: sehemu iliyotupwa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mgonjwa. Haikutupwa kwa kuwa wazo lilikuwa baya. Ilimlemea daktari kwa kujaza takwimu ambazo mara nyingi hazikuhusiana na wagonjwa anaowaona.

Kwa hiyo anayesema mfumo wa pointi umeoza ana ushahidi. Lakini anapendekeza nini badala yake? Kwa kawaida jibu ni kwamba daktari ni mtu mzima, ajisomee anachoona kimempungukia. Shida ni kwamba kuona kilichotupungukia ndicho tusichokiweza. Mwaka 2006 watafiti wa Canada na Marekani walikusanya ulinganisho 20 kati ya alama alizojipa daktari na alama alizopewa na wengine. Katika 13, uhusiano ulikuwa mdogo, haukuwepo, au ulikwenda kinyume. Waliojikadiria vibaya kuliko wote walikuwa wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini sana. Mwaka mmoja kabla, uhakiki wa tathmini 62 kuhusu miaka ya kazi na ubora wa huduma ulionyesha kwamba katika 32 kati yake, ubora ulishuka kadiri miaka ilivyoongezeka, kwa kila kigezo kilichopimwa. Uzoefu unaleta mengi mazuri, ila hauleti habari kwamba mwongozo wa matibabu ulibadilika. Habari hiyo huletwa na mtu mwingine, na kikao cha tawi la chama ndicho mahali pa asili ambapo huyo mtu mwingine anakutana na daktari aliye nje ya hospitali yake.

Sasa turudi kwenye ile 6, maana hapo pande zote mbili zinateleza.

Kwanza, si alama ya mtihani. Ni tofauti kati ya kundi lililopata mafunzo na kundi ambalo halikupata. Kama awali wagonjwa 40 kati ya 100 walikuwa wakipata huduma inayotakiwa, sasa wanapata 46. Chukua daktari anayeona wagonjwa 20 wa kisukari kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni kama mahudhurio 1,000, na asilimia 6 yake ni mara 60 ambazo miguu imekaguliwa au mkojo umepimwa protini, jambo ambalo lingepita bila kufanyika. Tawi lenye madaktari 30 wa namna hiyo lina mara 1,800. Kidonda kinachoonwa mapema mara nyingi hakihitaji chumba cha upasuaji, na hakuna anayekiandika popote kama faida ya kikao cha jioni moja. Ndiyo maana faida hiyo haionekani, na ndiyo maana ni rahisi kuidharau.

Pili, 6 ni namba ya katikati tu: nusu ya vikao vilipata zaidi, nusu vilipata pungufu. Nusu ya katikati ya matokeo ilitawanyika kutoka chini kidogo ya 2 hadi karibu 16. Mtu anayesoma 6 bila kusoma mtawanyiko huo ameacha habari yenyewe. Kwa nini kikao kimoja kiambulie 2 na kingine 16? Uhakiki uleule wa 2009 unatoa majibu. Mahudhurio yakiwa makubwa, matokeo huwa makubwa. Jambo linalofundishwa likiwa na madhara yanayoonekana kuwa mazito, madaktari hubadilika zaidi. Likiwa tata, kikao hakikuonyesha athari yoyote: namba ilikuwa -0.3. Daktari anaweza kutoka kikaoni akiwa ameamua kuagiza kipimo kimoja alichokuwa akikisahau. Hatoki akiwa amebadilisha namna nzima anavyoendesha kliniki yake.

Halafu kuna muundo wa kikao, na hapa namba zinawashangaza wengi. Mhadhara mtupu ulileta 6.9. Vikao vya majadiliano na mazoezi peke yake vilileta 3.0. Vilivyochanganya vyote viwili vilileta 13.6. Ile mitindo ya siku hizi ya kuutukana mhadhara na kutaka kila kitu kiwe kazi za vikundi haipati msaada hapa. Sababu si ngumu kuiona: watu wanane wakijadili mgonjwa bila yeyote kuwaletea jambo jipya, wanagawana walichokuja nacho, pamoja na makosa yake. Na mhadhara usiofuatwa na majadiliano huacha swali ambalo daktari atakutana nalo kesho: kwangu dawa hiyo haipo, nifanyeje?

Tatu, na hili linawabana watetezi wa vyama. Majaribio yale yalipima vikao vilivyojengwa juu ya mabadiliko mahususi: agiza hiki, acha kile. Kongamano la mwaka la siku tatu lenye mada 40, mgeni rasmi na maonyesho ya makampuni halikuwa limepimwa pale. Chama kinachoitaja asilimia 6 kutetea kongamano lake kinavaa nguo ya kuazima. Kongamano lina faida zake, za kuonana, kusikia utafiti mpya, kuchagua viongozi. Lakini linavuna pointi 15 au 20 kwa mkupuo, wakati kikao cha tawi kinapata 1, na hesabu hiyo iko kichwa chini.

Makampuni ya dawa nayo hayakwepeki. Mwaka 2016 utafiti wa madaktari zaidi ya 279,000 nchini Marekani ulikuta kwamba hata mlo mmoja, wenye thamani chini ya dola 20, ulihusiana na kuandika zaidi dawa ya nembo iliyokuwa ikitangazwa. Uhusiano si lazima uwe sababu. Huenda wanaoipenda dawa ndio wanaokwenda kula. Hata hivyo kanuni ya ACCME, chombo kinachoidhinisha wanaotoa mafunzo endelevu ya madaktari Marekani, imekata shauri: kwa kawaida mwajiriwa wa kampuni hapangi maudhui wala hafundishi juu ya bidhaa za kampuni yake. Kwa tawi dogo lisilo na fedha, mpaka wa kivitendo ni huu: kampuni ikilipa ukumbi, isichague mada, msemaji, wala orodha ya waalikwa, na vijitabu vyake vikae nje ya mlango. Mara nyingi kinachoharibika ni mada. Tawi halijui lifundishe nini, kampuni inakuja na msemaji aliye tayari, na kalenda ya mwaka inajazwa na magonjwa yenye dawa mpya.

Dawa ya tatizo hilo ni kuanza na mafaili. Wiki mbili kabla ya kikao, kila daktari achukue mafaili 20 ya mwisho ya ugonjwa mmoja na kuhesabu kitu kimoja tu, cha ndiyo au hapana. Je, mgonjwa wa shinikizo alipimwa kriatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ndani ya mwaka? Je, mtoto mwenye kikohozi alihesabiwa pumzi kabla ya kuandikiwa antibayotiki? Mafaili 20 huchukua chini ya saa moja. Ukiomba 100 na vigezo kumi utakuwa umerudi ABIM ya 2014. Kikao kiwe cha saa moja na kianze na jumla ya tawi, si na majina: kati ya mafaili 400, kriatinini ilikuwepo 150. Zifuate dakika 15 za mtu anayelijua jambo, akiwa na slaidi zisizozidi 10. Kisha mgonjwa mmoja wa kweli, asiyetambulika, mwenye fundo la uamuzi ambalo wawili waliomo ukumbini wangelifungua tofauti. Visa visivyo na fundo, vile vya ugonjwa wa ajabu unaotokea mara moja katika maisha, hufurahisha na havibadilishi chochote Jumatatu. Dakika 10 za mwisho kila mmoja aandike atakachobadilisha na kitakachomzuia.

Baada ya miezi mitatu, mafaili 20 mengine, swali lilelile. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo kazi yote ya mwanzo inapotea. Uhakiki mwingine wa Cochrane, wa 2012 na tafiti 140, ulichunguza kumrudishia daktari takwimu za kazi yake. Namba ya katikati ilikuwa ndogo pia, 4.3, ila ilipanda pale ambapo daktari alianzia chini, aliyempa taarifa alikuwa msimamizi au mwenzake, ilirudiwa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, ikiwa na lengo na mpango. Soma tena masharti hayo. Mengi yake yako ndani ya uwezo wa tawi linalokutana kila mwezi, na ni machache sana yaliyo ndani ya uwezo wa somo la mtandaoni linalofunguliwa peke yako usiku.

Kuhusu mambo tata ambayo kikao kimoja hakiyawezi, mfano mzuri ni mradi wa ECHO, ulioanzishwa na Sanjeev Arora katika Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 2003. Madaktari wa vijijini na wa magereza waliunganishwa kila wiki na mabingwa kwa video, wakiwasilisha wagonjwa wao wa homa ya ini C. Taarifa ya mwaka 2011 ya wagonjwa 407 ilionyesha kupona kwa asilimia 58.2 kwenye vituo hivyo, na 57.5 kwenye hospitali ya chuo. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo si ushahidi wa mwisho. Ila unajibu lile lalamiko la daktari wa pembezoni vizuri kuliko kumfutia pointi. Kumfutia pointi kunamrudishia siku yake, na kunamwacha peke yake na mgonjwa yuleyule.

Msimamo unaotoka hapa ni kwamba sharti libaki na kipimo kibadilike: nusu ya pointi kwa kuhudhuria, nusu baada ya mafaili kurudiwa, iwe namba imepanda au haikupanda. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukilipa pointi kwa namba iliyopanda, namba zitapanda, kwenye karatasi.

Kuna kizuizi kimoja kigumu, nacho ni cha kisheria. Daktari hataleta kisa kilichomharibikia ikiwa maelezo yake yanaweza kuishia kwa mamlaka ya leseni au mahakamani. Mamlaka nayo ina haki ya kudai uthibitisho. Kwa hiyo ziwepo karatasi mbili zisizokutana. Ya tawi ina jumla za mafaili na kisa kisicho na jina la mgonjwa, tarehe wala kituo. Ile inayokwenda kwa mamlaka inasema tu kwamba daktari fulani alipima kigezo fulani, akahudhuria, na akapima tena tarehe fulani. Matokeo hayaandikwi humo. Mamlaka ikidai na ile ya kwanza, madaktari wataanza kuleta visa vya ugonjwa wa ajabu.