Maji ya Korongoni Hayapotei Bure

Kuna dhana iliyozoeleka katika mazungumzo yetu kuhusu mito, kwamba maji yanayoporomoka kutoka mlimani hadi bondeni bila kupitia kwenye mtambo wa umeme wala mfereji wa umwagiliaji ni maji yanayopotea bure. Naipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu nautoa katika Milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, kwenye makorongo mawili ambayo maji yake huishia katika bonde moja la Kilombero. La kwanza ni la Sanje, ambako mto ungali unaporomoka wenyewe na mwananchi anaweza kupanda kwa miguu akauone. La pili ni la Kihansi, ambako tuliuhamisha mto kutoka kwenye njia yake, ndipo tukaja kuelewa, kwa gharama kubwa, kazi uliyokuwa ukiifanya pale.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, lakini ndani yake hakuna barabara za kuzungukia na gari. Anayetaka kuiona hana budi kutembea. Makao yake yako Mang'ula, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, na njia inayopendwa kuliko zote ni ile ya kwenda kwenye maporomoko ya Sanje, ambayo hushuka takriban mita 170 kwa ngazi tatu. Ni matembezi ya saa kadhaa, pamoja na mwongozaji, na kwa mtu mwenye afya ya kawaida si ya kutisha, ingawa kuna sehemu ambapo njia huinuka kwa ghafla na mizizi ya miti ndiyo inayokuwa ngazi ya kukanyagia. Nyuma yako unayaacha mashamba ya miwa yaliyotandazwa chini ya jua kali, na baada ya hatua chache tu umeingia katika msitu wenye kivuli kizito, ambamo mbega wekundu huruka juu ya matawi na sauti ya maji huanza kusikika muda mrefu kabla hujayaona.

Jambo ambalo ningependa kila mpandaji alitazame kwa makini ni lile linalotokea anapoyakaribia maporomoko. Hewa hubadilika. Mawe ambayo njiani yalikuwa makavu huwa yamevikwa mimea midogo ya kijani isiyoonekana mahali pengine, majani hudondosha matone ingawa hakuna mvua, na nguo hulowa kwa manyunyu kabla mtu hajagusa maji. Manyunyu hayo hutokana na nguvu ya maji yanapojipigiza kwenye mwamba, nayo huunda kandokando ya mto ukanda mwembamba ambao haukauki hata kiangazi kinapokuwa kikali bondeni. Ndani ya ukanda huo huishi viumbe wasioweza kuishi hatua mia moja kutoka hapo. Mtu akishasimama pale na kulowa, ni vigumu sana kumshawishi kwamba maji yale hayana kazi.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale ya Kenya na Tanzania, ambayo kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikipokea unyevu wa pepo za Bahari ya Hindi, hata misitu yake ikadumu wakati sehemu nyingine za Afrika zilipopitia vipindi virefu vya ukame. Katika msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, miti imeshikana bila kukatika kuanzia karibu na usawa wa bonde hadi kimo kinachozidi mita 2,000, jambo lililo adimu mno katika Afrika Mashariki. Ndiyo maana milima hii haijaacha kuwashangaza wataalamu. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakipita msituni walisikia mlio wa kima wasiyemfahamu, wakaambiwa na mwenyeji aliyewaongoza kwamba huyo ni n'golaga, mnyama ambaye watu wa Sanje walikuwa wakimjua siku zote. Mwaka 1991 akatambuliwa kwale wa Udzungwa, ndege ambaye ndugu zake wa karibu wanapatikana Asia na si katika bara hili. Kwa hiyo mtu anayesema anajua kilichomo katika korongo fulani la milima hii, na kwamba hakuna cha maana kitakachopotea likikauka, anasema zaidi ya anachokijua.

Hayo yalidhihirika Kihansi. Korongo hilo liko upande wa Mlimba, nje ya mipaka ya hifadhi, na mto wake ulikuwa ukiporomoka kwa kishindo katika mfululizo wa maporomoko hadi chini bondeni. Kwa mhandisi, hapo palikuwa mahali pa kutamanika: bwawa dogo lenye ukuta wa mita 25 tu, handaki ndani ya mlima, na anguko la takriban mita 850 la kuzungushia mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walitoa fedha. Mwaka 1996, mradi ukiwa umekwisha kuanza, ndipo watafiti walipomkuta chini ya maporomoko chura wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita 3, ambaye hatagi mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto waliokamilika. Makazi yake yote ulimwenguni yalikuwa takriban hekta 2 za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya mto huo.

Mtambo ulipoanza kazi, maji ya korongoni yalipungua kwa takriban asilimia 90. Manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York, huku korongoni yakiwekwa mabomba na vinyunyizio ili kuiga kile ambacho mto ulikuwa ukikifanya bila malipo tangu zama na zama. Kwa muda ilionekana kwamba hila hiyo ingefaulu, kwani idadi ya vyura iliongezeka tena hadi kufika maelfu kwa maelfu katikati ya mwaka 2003, kisha ikaporomoka ndani ya miezi michache. Wataalamu wametaja ugonjwa wa fangasi unaoua vyura katika mabara mengi, na wengine wametaja pia maji ya bwawa yaliyofunguliwa wakati huo yakiwa na tope na mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza.

Najua swali linaloulizwa na wengi, tena kwa hasira inayoeleweka: nchi ambayo mamilioni ya watu wake walikuwa hawana umeme ilikuwa na sababu gani ya kuhangaikia vyura? Swali hilo linastahili jibu la heshima. Megawati 180 zimewasha taa katika wodi za kujifungulia na kuendesha mashine za kusaga, na mimi sidai mtambo ule uzimwe. Ninachodai ni kwamba hesabu ilikosewa tangu mwanzo, kwa sababu mto ulihesabiwa kwa megawati peke yake na korongo likaandikwa sifuri. Lau lingechunguzwa ipasavyo kabla ya handaki kuchimbwa, kiasi cha maji ya kuachwa yapite kingepangwa mapema, na fedha zilizokwenda kwenye vinyunyizio, safari za ndege na maabara huenda zingehitajika kwa sehemu ndogo tu. Wala si chura peke yake aliyekuwa pale, kwani korongo hilohilo lina mbuni mwitu wake, yaani mti wa kahawa wa porini, uliopewa jina la Kihansi, na katika zama hizi ambapo wakulima wa kahawa wanahangaishwa na magonjwa na joto, sioni nani anayeweza kusema kwa uhakika kwamba hatutauhitaji.

Tena, gharama ya kulinda maji haya haibebwi na wote kwa usawa. Hadi mwaka 2011 wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Udzungwa, hasa akina mama, waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa. Sina ubishi na lengo la kuulinda msitu, lakini mama wa Sanje au Mang'ula aliyelazimika kutafuta nishati nyingine ya kupikia analipia mito ambayo umeme wake huwashwa mijini, na ni haki yake kuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiwa na nishati hiyo kwa bei anayoimudu.

Kuhusu utalii, nina msimamo ambao huenda ukawashangaza wapenzi wenzangu wa milima. Sitaki Kihansi igeuzwe kivutio cha matembezi. Fangasi anayeua vyura anaweza kubebwa na tope lililogandamana kwenye buti, na makazi ya hekta 2 hayawezi kustahimili msururu wa wageni, hata wakiwa na nia njema. Korongo hilo liachiwe watafiti na walinzi wake. Sanje ndiyo ifunguliwe zaidi, na kwa Watanzania kwanza. Shule za Kidatu, Ifakara na Morogoro zina darasa la jiografia na baiolojia lililo mlangoni pao, ilhali wanafunzi wengi humaliza kidato cha nne wakiwa wameyaona maporomoko katika picha tu. Gharama ya usafiri na ya mwongozaji kwa kundi la wanafunzi ni ndogo ikilinganishwa na faida ya kuwa na wahandisi na wabunge wa baadaye waliowahi kulowa manyunyu ya Sanje.

Na kila mradi mpya wa umeme wa maji unapopendekezwa, uchunguzi wa korongo lililo chini ya bwawa ufanywe kwa misimu yote, masika na kiangazi, na wenyeji wanaolijua wakishirikishwa, na kiasi cha maji kitakachobaki mtoni kiandikwe katika kibali kabla ya tingatinga la kwanza kufika.