Chapa za picha za watu hazikuchorwa kwa wino

Makala moja niliyoisoma, inayosifia mawigi kwenye picha za wakuu wa enzi ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, inasema picha hizo "zilichorwa kwa wino". Hapana. Zilichongwa kwenye bamba la shaba nyekundu, kisha zikapigwa chapa. Robert Nanteuil, mchongaji Mfaransa wa enzi hiyo, kwa kawaida alimchora mhusika ana kwa ana kwanza, kisha akaihamishia sura kwenye bamba ikiwa imegeuzwa, maana karatasini kulia huwa kushoto.

Kifaa cha kuchongea ni burini, chuma kigumu chenye ncha iliyonolewa kwa mshazari, ambacho husukumwa kwa kiganja. Kwenye mistari ya kupinda, mkono wa pili huzungusha bamba juu ya mto wa ngozi. Ncha ikiwa butu huteleza na kukwaruza shavu zima. Kulirekebisha ni kukwangua, kusugua, na kugonga bamba kwa nyuma. Kingo zinazoinuka pembeni mwa mfereji uliochimbwa na burini zisipokwanguliwa hushika wino na kuchafua mstari.

Kwenye kuchapa, karatasi iwe na unyevu tu. Ikiwa kavu haiingii mferejini kuvuta wino. Ikilowa mno, wino haushiki.

Na tusidhani ni sura ya mtu tu iliyouzwa. Pierre Lombart, mchongaji mwingine Mfaransa, alichonga mpanda farasi, na bamba lile lile likabadilishwa kichwa: toleo moja Cromwell, jingine adui yake Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Mwili na farasi vilibaki, kwa kuwa ndivyo vilivyokula kazi nyingi. Hapo ndipo makala ingechimba zaidi, badala ya kusifia mawigi.