Mahari Imetimia, Komunyo Bado

Kwenye miji ya mpaka wa Kenya na Uganda kama Busia na Malaba, ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Msamia, Mteso, Mganda na dereva wa lori kutoka Mombasa, dakika za komunyo husema mengi kuliko mahubiri. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo amefagia kanisa Jumamosi, amekusanya zaka, ameongoza rozari kwa mgonjwa. Foleni ikianza kusogea, yeye anabaki ameketi na mtoto mapajani. Ng'ombe wa mahari walifika kwao zamani. Kwa baba yake, kwa wakwe zake na kwa sheria ya Uganda, ni mke wa mtu. Kwenye daftari la parokia hajaolewa, na utaratibu wa Kanisa Katoliki ni kwamba anayeishi na mwanaume bila ndoa ya kanisani hapokei komunyo.

Wanaotetea utaratibu huu na wanaoupinga hubishana kana kwamba wanamzungumzia mwanamke mmoja. Wako watatu, na wameketishwa benchi moja.

Wa kwanza ni huyo aliyeolewa kimila. Ndoa yake inatambulika, na Sheria ya Usajili wa Ndoa za Kimila ya 1973 inataka iandikishwe gombolola, yaani ofisi ya serikali ya kata, ndani ya miezi 6. Wa pili anaishi kinyumba: hakuna utambulisho wa familia mbili uliofanyika, hakuna mahari. Nchini Uganda hata akikaa hivyo miaka 20 hawi mke. Mwanaume akifa bila wosia, mgawo wa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 (mjane asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1) unawafikia watoto wake lakini yeye unampita kando. Wa tatu ni mke wa pili. Mila inamkubali, ila kama mume alifunga ndoa kanisani na wa kwanza, hata sheria ya nchi haimhesabu huyu wa pili.

Upande wa ukali una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Kanuni ya 1108 ya Sheria ya Kanisa haidai makubwa: padre au shemasi mwenye idhini, na mashahidi wawili. Kabla ya hapo, paroko huomba cheti kipya cha ubatizo. Kile cha zamani kilicholala sandukuni hakitoshi, kwa sababu ndoa huandikwa pembeni mwa jina kwenye daftari la ubatizo. Cheti cha miaka 10 iliyopita hakiwezi kuonyesha kwamba bwana alikwishafunga ndoa Jinja. Kila mmoja huhojiwa peke yake, kisha majina hutangazwa Jumapili tatu. Yote haya yanaweza kuishia kwenye Misa ya asubuhi siku ya Jumatano, watu wakaenda kunywa chai. Kinachokula pesa ni vikao vya harusi, ukumbi, keki na magari, wala altare haijawahi kuviomba. Kwa hiyo "hatujapata pesa" mara nyingi ni kauli ya kufunika jambo lingine. Wanaume wengi wanajua fika kwamba ndoa ya kanisani ni pia ndoa ya serikali ya mke mmoja, na kuoa mwingine juu yake ni kosa la jinai. Anayekwepa kutia sahihi huenda ameuacha mlango wazi makusudi, na hapo daftari la parokia linakuwa limesema kweli ambayo mke hakupenda kuisikia.

Lakini anayelipa ni nani? Mume asiyekanyaga kanisani hakosi chochote akinyimwa komunyo. Makali yote yanamwangukia yule ambaye angekuwa tayari hata kesho asubuhi. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni wito. Yeye ameitikia wake, akazaa, akalea, akauguza, na sasa wito huo unangoja sahihi ya mtu mwingine. Mapadre husema hii si adhabu. Ukiwa benchini, tofauti hiyo haionekani.

Parokia nazo hujiongezea masharti yasiyoandikwa popote. Lile la kudai barua ya wazazi kwamba mahari imekamilika lina nia njema, maana hakuna anayetaka wakwe waje kugombana mlangoni mwa kanisa. Hata hivyo hakuna kanuni inayotaja mahari, na deni la ng'ombe wawili kati ya familia mbili likigeuzwa kufuli la sakramenti, binti ndiye anayefungiwa. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya MIFUMI, shirika la kutetea wanawake lenye mizizi yake Tororo, iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikufutwa. Ila kama serikali imekataa mwanamke awe rehani ya ng'ombe wakati wa kuondoka, ni ajabu sakristia imfanye rehani wakati wa kuingia. Kosa jingine ni kumkatalia mtoto ubatizo kwa kuwa mama hana cheti cha ndoa. Kanuni ya 868 inataka ridhaa ya mzazi mmoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Basi.

Kuna pia mkanganyiko juu ya mume Mwislamu au Mlokole. Wanawake wengi huambiwa, au hudhani, kwamba lazima bwana atie sahihi watoto wawe Wakatoliki. Wakijua jibu lake, hawamwulizi kabisa. Kanuni ya 1125 inamdai ahadi hiyo mwenzi Mkatoliki pekee, tena ahadi ya kufanya lililo ndani ya uwezo wake. Yule mwingine anajulishwa tu. Kwa asiyebatizwa, askofu hutoa kibali cha kuondoa kizuizi. Kwa Mkristo wa dhehebu lingine, ruhusa inatosha. Na pakiwa na ugumu mkubwa wa kufuata taratibu za Kikatoliki, kanuni ya 1127 inamruhusu askofu kuziondoa, mradi ridhaa itolewe hadharani kwa namna fulani.

Hapa tunafika kwenye chombo kinachostahili kujulikana zaidi. Kubariki ndoa kwa kawaida maana yake ni wawili kuja na kutoa ridhaa upya. Mume akikataa, watu hudhani habari imeisha. Haijaisha. Kanuni za 1161 hadi 1165 zinamwezesha askofu wa jimbo kuiponya ndoa toka mzizi wake: ridhaa ya zamani inachukuliwa kama ilivyo, bila kurudiwa, na kasoro ya kutofungwa mbele ya padre inaondolewa. Kwa sababu nzito inaweza kufanyika hata mume asijue. Kinachopelekwa kwa askofu ni barua ya paroko ikieleza kwa nini njia ya kawaida imeshindikana, vyeti vya ubatizo, uthibitisho kwamba hakuna mwenye kifungo cha ndoa ya awali, cheti cha gombolola au ushahidi wa waliokuwepo siku ya utambulisho, na maelezo kwamba wawili hao wanakusudia kuendelea kuishi pamoja. Kwa Baganda, shahidi bora ni ssenga, yaani shangazi wa binti, maana ndiye aliyemtoa binti mbele ya wageni wote.

Pingamizi la wanasheria wa Kanisa si dogo. Kanuni ya 1162 inasema ridhaa ikikosekana kwa mmoja, hakuna cha kuponya. Na ya 1101 inabatilisha ridhaa ya aliyekusudia kuukataa umoja wa ndoa. Mila inamruhusu mwanaume kuongeza mke. Basi, wanauliza, huyu aliyeoa kimila aliridhia mke mmoja lini?

Swali zuri, lakini wengi huliishia hapo bila kusoma ya 1099. Hiyo inasema kosa la mawazo juu ya umoja wa ndoa haliharibu ridhaa, ila kama kosa hilo ndilo lililoisukuma nia yenyewe. Kuamini kwamba mwanaume anaweza kuwa na wake wawili ni jambo moja. Kuoa ukiwa umejiwekea haki ya kumleta wa pili ni jambo jingine. Fundi seremala wa Malaba aliyekaa na mke mmoja miaka 15, na hakuwahi kusema ataongeza, huenda hakuwahi hata kulifikiria. Kwa hiyo mchunguzi asiulize "mila yenu inaruhusu?" Jibu la hilo analijua tangu seminari. Aulize huyu mtu mmoja alikusudia nini siku ile: aliwaambia nini wakwe, aliwaambia nini kaka zake. Parokia inayowakatalia wote kwa sababu ya mila imeacha kuchunguza watu. Lakini inayoomba uponyaji kwa kila mke anayelia nayo itajikuta imeandika ndoa ambazo bwana ana nyumba nyingine mtaa wa pili, na askofu ataacha kuamini barua zake.

Yule anayeishi kinyumba hafai kuombewa njia hii kwa haraka, kwani mara nyingi hakuna siku ambayo wawili hao walitamkiana lolote. Kwake, safari ya kwanza ni kwa wazazi na gombolola. Hata kama padre hatahusika, itampa haki asizokuwa nazo.

Kwa mke wa pili, chombo hiki hakifanyi kazi maadamu kifungo cha kwanza kipo. Ushauri wa waraka wa 1981 wa Papa Yohane Paulo II juu ya familia, kuishi kama kaka na dada, una maana pale wawili wanapokubaliana. Kwenye chumba chenye kitanda kimoja na mume asiye na habari na Kanisa, umepelekwa kwa mtu asiyeshika ufunguo. Papa Fransisko, mwaka 2016, alihimiza kumtazama kila mtu na hali yake, na maaskofu hawajalitafsiri hilo kwa sauti moja. Ugumu ni kwamba mke wa kwanza ameketi mabenchi matatu mbele, na yeye pia ana heshima ya kulindwa.

Mathias Kalemba Mulumba, mmoja wa mashahidi 22 wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani na kutangazwa watakatifu mwaka 1964, alikuwa na wake kadhaa alipoomba ubatizo. Alibaki na Kikwabanga, wengine akaachana nao. Tunamwimba kwenye hija ya Namugongo kila Juni 3, na hao wengine hatuwaimbi. Kanuni ya 1148, inayohusu wanaoingia ubatizoni na wake wengi, inamdai askofu ahakikishe wanaoachwa wanatunzwa kwa haki. Haikuandikwa kwa ajili ya mke wa pili wa Busia aliyebatizwa akiwa mchanga, lakini hakuna kinachomzuia paroko kuanzia hapo. Kabla hajamwambia atoke katika nyumba ile, aulize karo inalipwa na nani, na kibanja, yaani kipande cha ardhi wanachoishi, kimeandikwa jina la nani.