Tai na droni: hasara ambayo video haionyeshi

Julai 2020, droni ya idara ya mazingira ya jimbo la Michigan, Marekani, ilikuwa inapiga picha mmomonyoko wa fukwe za Ziwa Michigan. Tai mwenye kichwa cheupe akaishukia, akang'oa moja ya mapanga yanayozunguka kuirusha droni, na chombo cha takriban dola 950 kikazama ziwani. Idara yenyewe ilitoa taarifa iliyojaa utani, na mkasa ukasambaa kama kichekesho. Walioshuhudia walisema tai aliruka zake na hakuonekana kuumia.

Hilo neno "hakuonekana" ndilo linalonisumbua. Video za mikasa ya namna hii huwagawa watazamaji: wapo wanaohesabu fedha zilizopotea, na wapo wanaomshangilia ndege kana kwamba amewalipia kisasi wote waliochoshwa na mvumo wa droni angani. Wote humwacha tai mapema mno. Droni ikishaanguka, hakuna anayeuliza kilichompata aliyeiangusha.

Kwanza, anashambulia kwa nini? Si kila mara kwa sababu moja, na huenda baadhi ya ndege wachanga hudhani wameona windo. Lakini sababu yenye uzito zaidi ni ulinzi wa eneo, hasa wakati wa mayai na makinda. Tai mkubwa wa Australia, yule mwenye mkia wa kabari, amewahi kushambulia hata warukaji wa paraglaida, yaani turubai lenye mtu mzima anayening'inia chini yake. Ndege hawezi kutarajia kumla huyo. Anachotaka ni mgeni aondoke.

Sasa tazama anacholipia ulinzi huo. Mapanga ya droni huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ya plastiki hupinda kidogo yakigusa kitu. Ya nyuzi za kaboni ni magumu, hukata. Yanakutana na vidole na kucha, ambazo kwa tai ndizo za kukamatia na kuulia windo, au yanakutana na manyoya makubwa ya bawa. Unyoya uliokwisha kukomaa hauna uhai, sawa na ukucha wa binadamu. Ukivunjika hauponi. Ndege atauvumilia mpaka wakati wake wa kunyonyoka ufike na mwingine uote, na tai wakubwa hawabadilishi manyoya yote ya mabawa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mgongano wa nusu sekunde unaweza kumfuata ndege kwa misimu kadhaa ya uwindaji, akiwa na makinda ya kulisha. Wala hakuna maiti ya kuokota siku ile. Anaruka, anatokomea nyuma ya miti, kamera inazimwa.

Waliowatumia tai kwa makusudi walilijua jambo hili. Polisi wa Uholanzi walipotangaza mwaka 2016 kwamba wanafunza tai kunasa droni, suala la usalama wa miguu ya ndege liliibuka mapema. Mpango ulisitishwa mwishoni mwa 2017: gharama ilikuwa kubwa na tai hawakutii kila mara. Jeshi la anga la Ufaransa nalo, lililowazoesha tai tangu makinda kula juu ya droni, lilifikiria kuwavisha kinga za ngozi na Kevlar (nyuzi ngumu za kutengenezea vazi la kuzuia risasi) miguuni. Tai wa porini hana wa kumvisha kinga.

Warushaji wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Kamera hutazama mbele na chini, ilhali tai huja kutoka juu na nyuma, kwa hiyo mrushaji makini kabisa anaweza kushtukizwa. Tena droni ikitumiwa vizuri huwapunguzia ndege usumbufu: kukagua kiota kwa dakika chache kutoka hewani ni afadhali kuliko mtu kuupanda mti. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa 2015 uliwakaribia bata, heroe (flamingo) na ndege wengine wa majini mara 204, na katika asilimia 80 droni ilifika mita 4 tu bila ndege kuonyesha kushtuka. Waliitikia zaidi iliposhuka moja kwa moja kutoka juu ya vichwa vyao.

Hata hivyo hao hawakuwa ndege wawindaji, na utulivu wa nje si ushahidi wa kutosha. Mwaka huo huo, huko Minnesota, watafiti waliowapima dubu mapigo ya moyo waliona yakipanda sana droni ilipopita juu, ingawa dubu wenyewe mara nyingi hawakusogea.

Ushauri unaozunguka miongoni mwa warushaji ni kupaa wima upesi, kwa kuwa tai hawezi kupanda kwa kasi hiyo. Naukubali kwa sekunde zile za hatari, maana unamwepusha na mapanga. Tatizo ni kinachofuata. Wengi wakishanusurika hubaki huko juu wakirekodi, na mzazi naye anabaki hewani akizunguka, mayai yakipoa au yakiungua juani.

Kwa hiyo tai akikujia, paa, sogea mbali, kisha tua, na siku hiyo usirushe tena pale. Kama ni msimu wa viota, tafuta mahali pengine mpaka makinda yaruke. Kurudi kesho na betri mpya ili kunasa shambulio zuri zaidi ni uchokozi, na kwa tai wa Marekani ni zaidi ya hapo: sheria ya kuwalinda, iliyoanza 1940, inahesabu hata kuwasumbua kuwa kosa.