Kabla ya kuchukua kausha damu, nenda kwanza kwa mwenye nyumba

Jumanne usiku mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika nne nzima. Tatu za mwanzo alikuwa anazunguka tu, mara joto la Dar, mara mtoto kahamishiwa mkondo mwingine shuleni. Mwishoni ndipo akalitoa: "Dada, nimepata sehemu wanatoa laki tatu ndani ya saa moja. Wanataka picha ya friji na TV, barua ya serikali ya mtaa, na mdhamini mmoja. Nikuandike wewe?"

Nilimsikiliza mara mbili. Nikampigia, tukaongea hadi vocha ikaisha. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya simu kukatika, kwa sababu najua mwezi huu hesabu hii inapigwa kwenye vyumba vingi vya Mbagala, Gongo la Mboto na Buza.

Hali yake ni hii. Anauza kwenye duka la vitenge Kariakoo, mshahara 280,000 kwa mwezi. Amepanga chumba kimoja cha 60,000, na mwenye nyumba, kama wengi wa mjini hapa, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 360,000. Mkononi ana 90,000. Tayari anadaiwa 150,000 kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, 38,000 kwenye simu na 27,000 dukani kwa Mangi. Nakisi ya kodi ni 270,000.

Mkopo wenyewe, huu wa haraka na marejesho ya kila wiki ambao mtaani tunauita kausha damu, unaitwa wa laki tatu, ila laki tatu haufiki. Fomu 10,000, kinga ya mkopo 20,000, zinakatwa kabla hujashika chochote. Anatoka pale na 270,000, yaani ile ile nakisi yake hadi shilingi ya mwisho, na nadhani hapo ndipo moyo wake ulipotulia akaona Mungu kamfungulia. Rejesho ni 48,000 kila Jumatatu kwa wiki 8. Zidisha: 384,000. Kwa hiyo kupata 270,000 kwa miezi miwili atakuwa ametoa 114,000 juu yake.

Nilimuuliza kama amejumlisha. Akasema aliambiwa "elfu arobaini na nane tu kwa wiki". Hilo neno tu linafanya kazi kubwa. Kwa wiki nne ni 192,000. Ondoa kwenye 280,000, zinabaki 88,000. Nauli ya Mbagala hadi Kariakoo kwa mwezi inakula karibu 40,000. Kinachobaki ndicho chakula, umeme, maji ya ndoo na madaftari.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaliangalii kabisa, nami sikuliangalia zamu yangu ilipofika. Mshahara wake unaingia mara moja, tarehe 28. Rejesho linaingia kila Jumatatu. Fedha yake ina mwendo mmoja na deni lina mwendo mwingine. Jumatatu ya kwanza na ya pili atatoa wapi 48,000? Atavuta kwenye simu, atamwomba Mangi amwongezee, atachomoa akiba ya kikoba. Hapo ndipo mkopo wa pili unapozaliwa, na aliyeuzaa ni kalenda. Mtu hata hajafanya uzembe wowote.

Kwa mwendo huo huo naelewa kwa nini mkopo ghali unaweza kumfaa mwingine. Mama anayenunua samaki mnadani Feri alfajiri, akawakaanga na kuwamaliza jioni, anauzungusha mtaji wake mara tano au sita kwa wiki. Akikopa laki moja na kurudisha laki na kumi baada ya wiki, anaweza kulipa na akabaki na chake, maana hela ile imezaa kila siku iliyokuwa mikononi mwake. Simlaumu hata kidogo. Mdogo wangu anakopa ili hela iende kwa mwenye nyumba saa hiyo hiyo na isirudi. Hela ambayo imeshatumika kabla haijafika haiwezi kujilipa yenyewe. Itamla yeye.

Kuna na hila ya riba yenyewe. Hadi wiki ya nne atakuwa ameshawarudishia 192,000, zaidi ya nusu ya laki tatu. Lakini rejesho la wiki ya tano ni lile lile, kwa sababu riba ilipigwa siku ya kwanza juu ya laki tatu zote na ikaachwa hapo, kana kwamba laki tatu bado ziko kwenye pochi yake. Afisa mikopo akikwambia "asilimia kumi na nne kwa mwezi", muulize: ya kiasi kipi? Cha mwanzo au kilichobaki? Ukiona anacheka au anabadilisha mazungumzo, jibu umeshapata.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018, na chini yake Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana. Asilimia 3.5 ya laki tatu ni 10,500. Miezi miwili, hata ukiihesabu juu ya laki tatu nzima bila kupunguza, ni 21,000. Yeye anatozwa 84,000 za riba, bado fomu na kinga. Wanaofanya hivi wengine hawana leseni kabisa, na wengine wanayo, ila sehemu ya riba wameibatiza majina mengine: ada ya uendeshaji, ada ya ufuatiliaji, faini ya kuchelewa. Uliza leseni. Omba nakala ya mkataba uondoke nayo, ukausome nyumbani umetulia. Mkopeshaji anayekataa usitoke na karatasi amekwambia yote unayohitaji kujua.

Watumishi wa umma wana kanuni ya theluthi moja: makato yote hayatakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ndiyo maana wakopeshaji wa mtaani humwambia mwalimu aache kadi yake ya benki na namba ya siri, kwa sababu hapo hakuna karatasi ya makato inayopita kwa mwajiri, na mwalimu anakwenda kupewa chenji ya mshahara wake mwenyewe. Nilimpigia mdogo wangu hesabu ya theluthi ingawa yeye si mtumishi. Theluthi ya 280,000 ni 93,000 na kitu. Angebaki na 88,000. Hata kwa kipimo hicho, ambacho tayari kinaruhusu mtu akatwe theluthi mbili, mkopo huu ungekuwa umevuka.

Lakini najua hesabu peke yake haimzuii mtu. Mimi nilikuwa nazo hesabu zote mwaka 2021 na nikaweka sahihi.

Nashona. Mwaka ule nilikuwa na kibanda Rangi Tatu na cherehani mbili, moja ya umeme. Nilikuwa nimekula hela ya kikoba, laki mbili na nusu, nilizokabidhiwa nizipeleke benki. Mtoto aliugua, nikazitumia, nikasema nitarudisha kabla ya kikao. Kikao kikafika. Ningeweza kusimama mbele ya wale akina mama kumi na tisa na kuwaambia. Wote wananijua, wote wana watoto. Badala yake nilikwenda kwenye ofisi moja yenye viti vya plastiki na feni mbovu, nikaandikisha cherehani ya umeme kuwa dhamana, nikarudi na hela, nikaiweka mezani kwenye kikao nikiwa nimevaa vizuri. Hakuna aliyejua. Mume wangu hakujua.

Alijua wiki ya saba, walipokuja vijana watatu na bajaji kuibeba cherehani, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi. Ile cherehani ndiyo iliyokuwa ikitoa marejesho. Walipoichukua, deni lilibaki na njia ya kulilipa ikaondoka. Nilikaa miezi saba nikishona kwa ile ya miguu, na nguo za shule za Januari, ambazo ndizo mavuno yetu mafundi, nilizikataa kwa sababu nisingezimaliza.

Nimefikiri sana tangu wakati ule nilikuwa nanunua nini kwa riba ile. Dawa ya mtoto nilikuwa nimeshainunua. Nilichonunua ni kutojulikana. Nililipa ili akina mama wale wasinitazame kwa jicho fulani kwa dakika kumi. Na nikitazama mikopo ya namna hii inavyochukuliwa mtaani kwangu, mara nyingi ni hiyo hiyo biashara: mtu anamkimbia mtu anayemfahamu, anayeweza kumsikiliza, anakwenda kwa asiyemfahamu, kwa sababu yule wa pili hatamuuliza kitu leo. Tunafundishwa kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii inamfaa anayekopa akiwa na raha. Huyu wa kwetu anakopa akiwa tayari matangani, na anachotaka ni wenzake wasimwone analia.

Wakopeshaji wanalijua hilo kuliko sisi. Tazama mikopo ya kwenye simu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, unakubali kwa sababu una shida. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, mkwe wako na kiongozi wa kwaya wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kumtangaza mdaiwa namna ile hakuna anayeweza kukuambia ni utaratibu. Lakini ona mtego ulivyo: unakopa kuficha aibu, na aibu hiyo hiyo ndiyo dhamana uliyoiweka.

Mdogo wangu akaniuliza, kwa hasira kidogo, "Sasa dada, unataka nifanyeje, nilale nje?" Ni swali la haki. Kuna watu wanaandika kuhusu madeni kana kwamba kila mtu ana mahali pa kubana matumizi. Yeye hana. Hanywi soda.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Ni mizuri, namsihi aingie kwenye kikundi. Ila inataka kikundi kilichosajiliwa, mradi wa biashara na subira ya miezi. Mwenye nyumba anataka hela yake wiki hii.

Friji nilimwambia hivi: kama uko tayari kuliandika kwenye fomu, uko tayari kulipoteza. Basi liuze wewe, kwa bei utakayobishana mwenyewe, kuliko wao kulibeba kwa bei watakayoandika wao. Alinyamaza. Friji lile lilimchukua mwaka kulinunua, na ndilo analotengenezea barafu za kuuza jioni. Nilipokumbuka barafu nikafuta maneno yangu. Friji ni cherehani yake. Lisiuzwe wala lisiandikwe popote.

Mangi anaweza kusubiri, ameshasubiri zaidi ya hapo. Deni la simu litajikata lenyewe mshahara ukipitia kule, kwa hiyo mwezi huu aupokee mkononi na alilipe kwa kiasi anachopanga yeye, akijua kwamba kuchelewa kuna gharama. Kikoba nacho kina riba, lakini riba ile Desemba inarudi kwenye gawio, na wenzake wanaweza kumsogezea muda, kitu ambacho hakuna ofisi ya viti vya plastiki itakayomfanyia. Ila waambiwe. Hawawezi kumsogezea muda kwa deni wanalodhani linakwenda vizuri.

Na mwenye nyumba. Nilimwambia aende Jumamosi asubuhi kabla mzee hajatoka, aende na 90,000 mkononi, aombe miezi mitatu badala ya sita, na aseme tarehe. Asiseme "nikipata". Mtu anayedai anataka kuona hela na kusikia siku. "Na nikikataliwa?" Ukikataliwa, kausha damu bado ipo, Jumatatu wanafungua saa mbili. Hujapoteza chochote isipokuwa usingizi wa usiku mmoja.

Alikwenda. Mzee alimsema karibu nusu saa, uani, wapangaji wawili wakifua pembeni wakasikia yote. Akamkumbusha na bili ya maji ya Oktoba. Mwishoni akachukua 90,000, akaandika kwenye daftari lake: 45,000 tarehe 30 mwezi huu, 45,000 tarehe 30 mwezi ujao. Miezi mitatu. Alinipigia analia, akasema hatawaangalia tena usoni wale wapangaji. Nilimwacha alie. Nusu saa ile ndiyo aliyokuwa anataka kuikwepa kwa 114,000.

Kikoba bado hajakiambia. Anasema mwenyekiti ana mdomo. Kikao ni Jumapili saa kumi, kwenye baraza la nyumba ya katibu, nami nimemwahidi nitapanda daladala niende kukaa naye.