Mtaji wa Kigeni na Uhamaji wa Kulazimika: Tukitazama Kutokea Kigoma

Mjadala wa wakimbizi ukizuka hapa Kigoma, wengi wetu huanzia kwenye bunduki: mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na vita vya Kongo vilivyoijaza kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Wapo wanaojibu kwamba nyuma ya bunduki daima kuna bei, mkopo na mwekezaji. Hoja hiyo ina uzito mkubwa kuliko inaopewa, ingawa watetezi wake huivuta kupita kiasi.

Uzito wake unaonekana kwanza katika historia ya mkoa wenyewe. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, lakini chini ya Waingereza iliwachukua watu kuliko mazao. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako Waha, wenyeji wa Kigoma, walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba; tangu 1944 wenye mashamba walikuwa hata na shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU. Wengi hawakuelekezewa mtutu, ila hiari ya mtu anayedaiwa kodi na asiye na pa kuuza mazao yake ni hiari ya jina tu. Hata leo vijana wa Kasulu na Kibondo huenda kulima tumbaku Tabora, na wengi wao hulipwa msimu ukiisha: majani yakishapangwa madaraja na kuuzwa, na mkopo wa pembejeo ukishakatwa, ndipo mwenye shamba humfikiria kibarua.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2011, kampuni ya Marekani, AgriSol Energy, ilipokusudia kulima zaidi ya hekta 300,000 katika maeneo ya Katumba, Mishamo na Lugufu. Lugufu, iliyomo mkoani kwetu, ilikuwa kambi iliyokwisha kufungwa. Katumba na Mishamo, kinyume chake, zilikuwa makazi ya Warundi waliokuja mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wapinzani walisema kwamba mtaji unawang'oa watu. Serikali nayo ilikuwa na la kujitetea, kwani mpango wa kuwapa uraia kwa sharti la kuhamia mikoa mingine ulimtangulia mwekezaji. Hatimaye sharti hilo lililegezwa, na kuanzia 2014 watu zaidi ya 160,000 walipata hati za uraia bila kulazimika kuhama. Kwa maoni yangu, hatari haikutokana na ugeni wa fedha pekee, bali na ardhi iliyohesabiwa kuwa wazi kwa sababu waliokuwa wakiilima hawakuwa na karatasi. Raia wa kuzaliwa naye hana kinga kamili: Sheria ya Ardhi ya 1999 inaingiza katika ardhi ya jumla, yaani ile inayogawiwa na serikali kuu, hata ardhi ya kijiji isiyotumika, na shamba lililopumzishwa machoni pa ofisa ni pori.

Hoja hiyo hudhoofika inapotaka kueleza kila kitu. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na Burundi, iliyotegemea zao hilo kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, iliumia vibaya. Lakini anguko hilohilo liliwakumba wakulima wa Kalinzi, upande huu wa mpaka, nao hawakukimbia nchi. Bei huleta ufukara. Ili ufukara uwe ukimbizi, lazima pawepo dola inayowagawa na kuwawinda watu wake.

Tofauti hiyo ina matokeo kwa aliye mpakani. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamtambua anayehofia kuteswa, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamwongeza anayekimbia machafuko, lakini hakuna kati yake unaomtaja aliyefukuzwa na bei au na mradi. Huyo akivuka kuja kutafuta kibarua Kasulu bila kibali, sheria humwita mhamiaji haramu na humrudisha kwenye shamba lilelile lililomshinda.